Hewa Tani Ishirini

Sehemu ya Tisa

Jumapili iliyopita tulimwacha Nukta ndani ya kontena tupu, mlango umebamizwa nyuma yake, giza totoro, na huko nje kitu kimelia ka, mlio mdogo tu. Wasomaji kadhaa mmetuandikia mkitoa pole kwa msiba. Futeni machozi. Binti hajafa. Limemkuta jambo baya zaidi, amekuwa bidhaa.

Mlio ule ulikuwa wa lakiri, kile kipande cha chuma wanachofungia mlango wa kontena, ambacho kikishabanwa hakifunguki mpaka kikatwe.

Kwa wewe uliyechelewa kuanza, nitakupa kwa ufupi, maana Nukta hewa inamwishia. Yeye ni mchambuzi katika Ofisi ya Takwimu za Biashara. Kazi yake ni kujua kanda inauza nini nje, inaagiza nini, malori yanabeba nini na maghala yamejaa nini. Jina la Nukta alipewa na wenzake kwa sababu anaweza kugombana nusu siku kwa ajili ya nukta moja ya desimali.

Tangu mwaka uanze, hesabu zake zilikuwa zinaonyesha kwamba kanda inauza nje mzigo mmoja wa ajabu unaoitwa "bidhaa nyinginezo". Mzigo huo ulipanda ukaipita pamba, ukazipita mbao, ukapita kila kinachoota na kila kinachochimbwa. Wakubwa walifurahi mno wakasahau kuuliza nyinginezo ni nini. Badala yake waliamua kuzijengea ghala kubwa, na kesho ya siku hiyo aliyofungiwa Mheshimiwa alikuwa anakuja kuweka jiwe la msingi.

Ghala hilo lingejengwa mahali palipo ghala la zamani la wafanyabiashara wadogo. Na humo, chumba cha tatu mkono wa kulia, Shangazi yake Nukta anahifadhi vitunguu. Wazazi wa Nukta walipofariki, vitunguu hivyo ndivyo vilivyomlisha, vikamvisha, vikamsomesha mpaka chuo. Katapila la kubomolea lilikuwa limeshaegeshwa mlangoni.

Ndiyo maana mchana ule alikwenda uwanja wa makontena kuziona hizo nyinginezo kwa macho yake. Aliona mlango wazi, akachungulia, akaingia. Mengine unayajua.

Nukta akagonga ukuta kwa kiatu.

"Nani anagonga?" Ilikuwa sauti ya mlinzi wa geti.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Nukta, wa takwimu."

"Takwimu hawapakiwi," mlinzi akasema.

"Kaka, fungua mlango."

"Nitafunguaje na lakiri nimeshaibana? Lakiri haikatwi bila kibali."

"Kibali anatoa nani?"

"Mchambuzi wa zamu."

"Mchambuzi wa zamu ni mimi."

"Wacha uongo, dada. Mchambuzi wa zamu anakaa ofisini."

"Leo anakaa humu."

Mlinzi akatafakari. Alikuwa mtu wa taratibu kweli kweli, wa kupigiwa mfano. Angepewa kazi ya kulinda moto, asingemruhusu mtu kuuzima.

"Haya, toa kibali," akasema.

"Nimetoa."

"Useme na sababu."

"Sababu kuna mtu ndani."

"Hiyo haimo. Zinazokubalika ni mzigo umeoza, mzigo umemwagika, au wakubwa wameomba kukagua."

Nukta akapima. Kujitangaza ameoza hakutaka, na wakubwa hawakuwa na habari. "Mzigo umemwagika," akasema, huku kijasho kikimtiririka mgongoni.

"Sasa hapo tunaelewana," mlinzi akajibu, na koleo lake la kukatia likalia.

Nukta alitoka akikodoa macho kwa mwanga. Mbele yake makontena yalikuwa yamepangwa mistari na mistari, kila moja na lakiri yake mlangoni, zinang'aa juani. Zilikuwa ndizo nyinginezo zake, zote pale.

"Haya yote yana nini ndani?" akauliza.

"Yana nini wapi? Matupu. Yanarudi bandarini kufuata mzigo mwingine."

"Mbona umeyatia lakiri?"

"Agizo la meneja wa uwanja. Si unamkumbuka yule mlevi aliyelala ndani ya tupu akaamkia melini? Tangu siku hiyo ikasemwa lenye mzigo na lisilo na mzigo, yote yafungwe, mtu asiingie akalala."

"Agizo hilo lilitoka lini?"

Mlinzi akakuna shavu. "Mwanzoni mwa mwaka. Haukupita muda ofisi yenu ikatuletea kofia za pongezi."

Nukta akashika kontena asianguke. Nami nitakueleza kwa nini, maana jambo lenyewe ni la aibu.

Pale ofisini kwao kuna kanuni moja waliyoikuta wafanyakazi wote na itakayowazika wote. Kontena lenye lakiri lina mzigo, lisilo na lakiri ni tupu. Hakuna aliyewahi kufungua mlango akaangalia, kwa sababu mlango uko juani na ofisi ina feni. Kila lakiri inahesabiwa tani ishirini. Kama haijulikani ni tani za nini, zinapelekwa kwenye nyinginezo. Mambo yalikwenda hivyo miaka nenda miaka rudi bila madhara, mpaka mlevi mmoja alipotafuta pa kulala.

Kwa hiyo ukuaji wote ule, pongezi zote zile, kofia na jiwe la msingi, vilitokana na usingizi wa mtu mmoja. Na aliyeutia ukuaji huo kwenye grafu, akaupaka rangi, alikuwa Nukta mwenyewe.

"Na hili ulilonifungia mimi," akauliza kwa sauti ndogo, "umeshalipeleka hesabu?"

"Zamani," mlinzi akasema kwa fahari. "Umesomeka vizuri tu. Tani ishirini, nyinginezo."

*

Mkuu wa ofisi wanamwita Asilimia, na usidhani wanamwonea. Ukimuuliza hali ya mkewe aliyelazwa, anakujibu kwamba amepata nafuu kwa asilimia sabini. Nukta alimkuta amesimama mbele ya dirisha, anajitazama kwenye kioo na kufanya mazoezi ya hotuba.

"Mkuu, tunasafirisha makontena matupu tunayaita mauzo."

Asilimia hakugeuka. "Ninyanyue mkono kwenye 'ndugu wananchi' au nisubiri kwenye 'historia'?"

"Mkuu, zile lakiri zote ziko kwenye makontena matupu. Nimetoka humo ndani sasa hivi."

Hapo mkuu akageuka. Akaenda kufunga mlango, akaketi, akaishusha sauti kama watu wanavyoishusha wakimzungumzia mgonjwa.

"Unataka kuniambia tunauza hewa?"

"Hata hewa hatuuzi. Inakwenda na kurudi."

"Kumbe ni biashara ya pande mbili," Asilimia akasema, na kwa muda mfupi alionekana kufarijika.

"Mkuu, kesho watu wanavunjiwa ghala ili lijengwe ghala la kuwekea kitu ambacho hakipo."

"Kitu ambacho hakipo hakiozi, hakiibiwi na hakishiki moto. Mimi sijaona mzigo rahisi kuhifadhi kuliko huo."

"Na Shangazi yangu atapeleka wapi vitunguu?"

Asilimia akaegemea kiti, akatabasamu kwa huruma. "Aa. Kumbe si suala la takwimu. Kumbe ni suala la vitunguu."

Damu ikamchemka Nukta. "Ni la vyote viwili."

"Sikiliza, mdogo wangu. Ile grafu alichora nani?"

"Mimi."

"Nani aliipaka kijani?"

"Wewe ulisema iwe kijani."

"Nilipendekeza. Mkono uliopaka ulikuwa wako." Kisha akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Una akili nyingi, Nukta. Kuna nafasi ya mkuu wa uchambuzi. Iko wazi kwa asilimia mia. Kiti kinazunguka."

Nukta alikifikiria kile kiti. Hatutamficha, alikifikiria kidogo, na akaona haya. Kisha akajikaza kisabuni.

"Basi kesho nitamwomba Mheshimiwa afungue kontena moja mbele ya watu, ajionee."

Alitarajia meza ipigwe. Asilimia akatazama feni ikizunguka, akaitazama tena, kisha uso ukamchanua.

"Wazo zuri sana."

"Eti?"

"Takwimu ni ushahidi. Nitaagiza malori kumi yaegeshwe pale pale kwenye sherehe, na makontena yake juu. Wewe mwenyewe utachagua la kufungua. Likiwa tupu, nitaomba radhi hadharani, na ghala la Shangazi yako halitaguswa."

Mimi na wewe, msomaji, tumeishi na watu. Mkubwa akikubali upesi namna ile tunashika mifuko yetu. Lakini Nukta ni msomi, na usomi wake wote ni wa kusoma yaliyokwisha kutokea. Alitoka ofisini akipiga mluzi.

*

Asubuhi palikuwa pamependeza. Hema kwa wakubwa, jua kwa wengine. Ile grafu ilichapwa kwenye turubai refu, ikatundikwa ukutani mwa ghala la zamani, mstari wake wa kijani ukipanda kutoka mlangoni mpaka paani. Malori kumi yalikuwa yamejipanga na makontena yake mgongoni, kila moja na lakiri. Katapila lilifungwa utepe wa rangi.

Wafanyabiashara wadogo waliwekwa nyuma ya kamba. Shangazi alisimama mbele kabisa, kitambaa amekikaza kichwani, mikono nyuma. Nukta akamwendea.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Aliitikia huku akilitazama lile turubai.

"Mbona umeondoka nyumbani bila kuniamsha?"

"Nilikuja kutoa vitunguu kabla hawajabomoa. Askari hawataki tusogee tangu alfajiri. Eti tusubiri wageni waondoke."

"Hawabomoi, Shangazi. Nitasimama niseme."

"Useme nini? Mchoro ule si wako?"

"Ni wangu."

"Umetoka vizuri. Kijani kimekolea."

Nukta angependa atukanwe. Alimpenda mama huyu kuliko kitu chochote, na kusifiwa namna ile kulimchoma.

"Nilikosea, Shangazi. Nimeshagundua nilipokosea, na leo narekebisha mbele ya watu wote."

Shangazi akamtazama kwa mara ya kwanza. "Kanywe maji kwanza," akasema. "Midomo imekukauka."

Hapo kipaza sauti kikakoroma na Asilimia akapanda jukwaani. Alisimulia jinsi mauzo ya nje yalivyopaa, alinyanyua mkono kwenye "ndugu wananchi", akaunyanyua tena kwenye "historia" kwa usalama. Aliwataka watu wazipigie makofi bidhaa nyinginezo. Wakazipigia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ugomvi nazo. Mheshimiwa alikuwa amefumba macho kwa umakini mkubwa.

"Na sasa," Asilimia akasema, "namkaribisha mchambuzi wetu, ambaye ana jambo lake la kitaalamu."

Nukta akachukua kipaza sauti. Alieleza habari ya mlevi, habari ya lakiri, habari ya tani ishirini. Nyuma ya kamba kicheko kilianza kidogo kidogo, kikasambaa, kikafika mpaka kwenye viti vya wakubwa, ambako kilifichwa kwa leso.

Mheshimiwa akafumbua macho. "Binti, unasema mimi nimekuja kuzindua ghala la hewa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Thibitisha."

Nukta akanyoosha kidole kwenye lori la nne. Kisha akabadili, akachagua la mwisho kabisa, ili mtu asiseme limeandaliwa. Mlinzi wa geti akasogea na koleo lake.

"Sababu?" akauliza.

"Wakubwa wameomba kukagua."

"Hiyo imo," mlinzi akasema, akakata.

Milango ikafunguka. Harufu ilitangulia. Kisha gunia moja la juu likayumba, likaporomoka, likapasuka chini, na vitunguu vikabingirika mpaka kwenye viatu vya Mheshimiwa.

Kontena lilikuwa limejaa magunia kutoka sakafuni mpaka paani.

Mheshimiwa akainama, akaokota kitunguu kimoja, akakibonyeza. "Hewa ya mwaka huu imekomaa," akasema.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Asilimia naye alicheka, kwa adabu, akiwa ameweka mkono kifuani.

"Lingine," Nukta akasema. "Fungueni lingine."

Likafunguliwa lingine, likawa maharage. Likafunguliwa la tatu, likawa mahindi. Jana tu Nukta alikuwa ndani ya kontena, akiligonga kwa kiatu, likilia utupu. Alianza kujiuliza kama kweli alikuwa humo au aliota.

"Inatosha," Mheshimiwa akasema kwa upole uliomdhalilisha zaidi. "Takwimu zinachosha, mwanangu. Nenda kapumzike." Akapunga mkono, na katapila likawashwa.

Ni hapo Shangazi alipoinua kamba, akapita chini yake.

"Mama, rudi nyuma," askari akasema.

"Nirudi nyuma nimeacha nini? Mzigo wangu uko mbele."

Akaliendea lile gunia lililopasuka, akaligeuza, akauvuta mshono mpaka ukaonekana. Kisha akamgeukia Mheshimiwa kana kwamba ni mteja aliyeleta ubishi.

"Baba, tazama hapa. Mimi nashona kwa mkono wa kushoto, uzi wangu unalala upande huu. Hapa mjini mwingine anayeshona hivi simjui. Hivi ni vitunguu vyangu. Jana jioni nimeviacha humo ndani ya ghala, chumba cha tatu, nikafunga."

Kamba ikakatika. Wafanyabiashara walimiminika kwenye malori. Mmoja aliyatambua maharage yake kwa vumbi lake jekundu, mwingine aliligusa gunia alilolitia kiraka kwa suruali ya mumewe. Wengine walikimbilia ghalani. Vyumba vyote vilikuwa vyeupe, vimefagiwa, hata panya hakuwa na cha kumbakisha pale.

Makofi yalikoma. Nukta alihisi furaha ikimpanda kifuani kama homa. Mambo yalikuwa wazi sasa. Mkuu wake alikuwa amekosa bidhaa za kuonyesha, akachukua za watu. Nani angethubutu kubomoa baada ya hapo?

Lakini Asilimia ana macho makavu. Hakuna aliyemwona akitikisika. Alikichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa Nukta, taratibu, kama mtu anavyompokea mgeni mzigo.

"Ndugu wananchi, mmejionea. Mnasikia kila siku kwamba wafanyabiashara wadogo wameachwa nyuma. Mama huyu hajawahi kuuza kitunguu hata mtaa wa pili. Leo mzigo wake unavuka bahari. Mpigieni makofi."

Na wako waliopiga.

"Nani kakwambia nauza nje?" Shangazi akauliza.

"Mama, usiyaogope mafanikio."

Shangazi aliingia ghalani, akatoka na kufuli lake mkononi, akaliinua watu walione. "Halijavunjwa," akasema. "Limefunguliwa kwa ufunguo."

Wenzake wakaenda kutazama makufuli yao. Yote yalikuwa mazima.

"Ufunguo wangu mimi huu hapa." Akautoa kifuani. "Na ule wa akiba?"

Furaha ya Nukta ikazimika. Miezi michache nyuma ofisi ilifanya sensa ya maghala, ili ijulikane kuna shehena kiasi gani mjini. Mkuu alisema kusumbua watu kila siku wafungue milango hakufai, afadhali watoe funguo za akiba. Wafanyabiashara waligoma. Ofisi ikamtuma Nukta awabembeleze, kwa kuwa ni mtoto wao. Alikwenda mlango kwa mlango, akawaapia kwamba ni kwa ajili ya kuhesabu tu. Shangazi alikuwa wa kwanza kutoa wake, mbele ya wenzake wote, ili wamwamini mwanawe. Sensa ikaisha. Funguo zikabaki zimening'inia kwenye misumari ofisini kwa Asilimia, na Nukta akasahau kuzirudisha, kwa sababu zilikuwa zimeshahesabiwa.

"Funguo alizikusanya mchambuzi," Asilimia akasema kwenye kipaza sauti, kwa masikitiko. "Mimi sijui mlango wa ghala hata mmoja unafunguka upande gani."

Watu wote wakageuka kumtazama Nukta. Aliyekuwa akiwachekesha muda mfupi uliopita sasa hakumchekesha mtu.

"Shangazi, zilikuwa ofisini kwake. Nilizitundika ofisini kwake."

"Mimi nilimpa nani?"

"Mimi."

"Nilimpa huyu baba?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi."

Mheshimiwa aliona sherehe inachacha. Alikuwa na jiwe jingine la kuweka mchana ule, mji wa pili. Akamnong'oneza Asilimia, na Asilimia akatangaza kwamba maelezo yote yatatolewa baadaye kwa utaratibu, ila meli haisubiri, malori yaondoke. Mlinzi wa geti, mtu wa taratibu, alikuwa ameshabana lakiri mpya kwenye yale makontena matatu. Malori yakaanza kunguruma, moja nyuma ya jingine, kuelekea getini.

Nukta akaushika mkono wa Shangazi. Shangazi akauchomoa, bila hasira.

"Leo usije kulala kwangu," akasema, "mpaka vitunguu vyangu virudi kulala kwangu."

Kisha akatembea hadi mlangoni mwa ghala, akakunja kanga yake, akaitandika chini, akaketi. Mgongo kwenye ukuta, uso kwa katapila, grafu ya kijani imening'inia juu ya kichwa chake. Wenzake walimtazama, wakatazama malori, wakatazamana. Hakuna aliyesogea. Katapila lilikuwa limeshainua jembe lake la chuma na linakuja.

Nukta akakimbilia pale, akapiga magoti. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Shangazi, nakuomba, ondoka hapa. Watakuua kwa ajili ya ukuta."

"Mimi nina kazi hapa," Shangazi akasema. "Wewe kazi yako hiyo inatoka getini."

Lori la kwanza lilikuwa limeshaingia barabarani. Dereva wa katapila akapunguza mwendo, akamtazama yule mama aliyeketi chini, akageuka kumtazama Asilimia. Asilimia akatazama kushoto, akatazama kulia, akahakikisha Mheshimiwa ameshaingia garini, kisha akainua kidole gumba.